Mbegu ya mkorosho bora haitoi mkorosho bora

WAKULIMA wengi wa Masasi na Newala wanavuna mikorosho iliyopandwa na baba zao, mingine na babu zao. Swali linalowakabili sasa ni la hesabu: mti mzee uachwe, ung'olewe, au ubebeshwe?

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilibaki kama 16,500. Operesheni Vijiji iliwatenga watu na mashamba yao, bei ikawakatisha tamaa, kisha ukaja ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979. Salfa iliokoa zao hili, lakini kupuliza ni kazi ya kila msimu. Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde wenye baridi na umande, ugonjwa huo hupata makao mazuri mikorosho inapochanua.

Kituo cha Utafiti Naliendele, Mtwara, kimechagua na kutoa aina zaidi ya 50 kwa kuangalia uzito wa korosho, kiini na ustahimilivu wa ugonjwa. Kiini si jambo dogo. Mnunuzi hukadiria ratli za kiini katika gunia la kilo 80. Ratli 48 ni karibu kilo 22, na chini ya hapo bei hushuka.

Tatizo ni mche. Maua ya mkorosho huchavushwa na wadudu wanaotoka mti wowote wa jirani. Kwa hiyo mbegu iliyookotwa chini ya mti mzuri yaweza kuzaa mti wa ovyo, na mkulima atagundua baada ya miaka kadhaa ya kupalilia. Mche uliobebeshwa hurithi sifa za mti mama. Ni ghali zaidi, kweli, lakini kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari huchukua miche 28 tu.

Mwenye mikorosho mizee anaweza kubebesha juu: mti hukatwa karibu mita moja kutoka ardhini, kisha machipukizi yake hubebeshwa vikonyo vya aina bora. Mizizi iko tayari, hivyo mavuno huja mapema kuliko kwa mche. Visiki vingine hufa, na aliyekata shamba zima kwa mpigo hukosa ada ya shule. Afadhali kukata mistari miwili kila mwaka, kuanzia miti isiyozaa, na kuchanganya aina tatu au nne.