MNYAPARA NA MKATA MKONGE WASIKILIZANE
Tangu mkonge ulipoletwa Pangani mwaka 1893, mashamba ya Tanga yalikusanya watu wa makabila mengi. Kwa miaka mingi amri zilishuka, jibu halikupanda. Twasema hiyo si kazi, ni utwana. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939. Mgomo ni sauti ya asiyesikilizwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri atoe masharti ya kazi kwa maandishi, na asiyeyaelewa aelezwe hata aelewe. Basi, ndugu mnyapara, taja wazi kazi ya leo na ujira wake, kisha usikilize. Nawe, ndugu mkata mkonge, usitie dole gumba kwenye usichokifahamu. Uliza! Kuuliza si ujinga.