SHERIA NYUMBANI: Fedha Zikipungua, Je, Ni Wizi?

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo walivyonena wazee wetu. Juma lililopita mke wa askari mmoja alinijia hapa Onduparaka wakati wa magharibi, mtoto mgongoni, akaniuliza: "Mwalimu, baba watoto ameitwa kuhojiwa. Fedha alizokabidhiwa kazini zimeonekana pungufu. Je, tuuze ng'ombe wetu wawili tulipe, mambo yaishe?" Swali hili si la nyumba moja. Laweza kubisha hodi katika kambi yoyote ya Arua na katika kituo chochote cha polisi cha Koboko. Kwa hiyo nimeona vema nilijibu mbele ya wasomaji wote.

Kwanza yatupasa tulielewe shtaka lenyewe. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 yasema kwamba mtumishi wa Serikali, mfanyakazi wa kampuni, karani, au hata mwanachama wa chama au wa jumuiya ya dini, akiiba mali ya mwajiri au ya chama chake, au mali aliyoifikia kwa sababu ya kazi yake, ametenda kosa la ubadhirifu. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 14, au faini, au vyote viwili. Tena aliyepatikana na hatia huzuiwa kushika kazi ya umma kwa muda wa miaka 10. Mama anayetunza sanduku la kikundi cha akiba naye asidhani kuwa jambo hili lawahusu wenye vyeo peke yao.

Pamoja na ukali huo, Katiba ya mwaka 1995 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Yawapasa waonyeshe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba mshtakiwa alikuwa na kazi hiyo. Kwamba mali ilikuwa ya mwajiri. Kwamba aliifikia kwa sababu ya kazi yake. Na kwamba aliichukua kwa hila. Neno hili la mwisho ndilo kiini cha utetezi. Upungufu pekee si wizi. Huenda hesabu zilikosewa, huenda vitu vilitolewa kwa amri ya mdomo bila hati, huenda mtu mwingine alikuwa na ufunguo wa pili, au mtangulizi aliondoka bila kukabidhi kwa maandishi. Mambo kama haya, yakiwa na ushahidi, huweza kutia shaka, na shaka ya maana humfaidi mshtakiwa.

Lakini ndugu msomaji, tusidanganyane. Wapo wasemao, "Nilikopa tu, nilikusudia kurudisha mshahara ukitoka." Huo si utetezi. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda yasema wazi kwamba mtu akichukua fedha za mwingine ili azitumie apendavyo, ni wizi, hata kama alinuia kuzirudisha baadaye. Lakini aliyechukua akiamini kwa moyo safi kwamba fedha zile ni haki yake, kwa mfano posho aliyoidhinishiwa, huyo ana la kujitetea.

Lipo pia shtaka la jirani, nalo ni kuisababishia Serikali hasara ya fedha. Hapa si lazima ionyeshwe kwamba fedha ziliingia mfukoni mwa mtu. Yatosha kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba tendo lake litaleta hasara. Mwezi Machi 2008 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu Meja Jenerali James Kazini, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi, kifungo cha miaka mitatu kwa shtaka hilo, kwa ajili ya askari hewa waliolipwa mishahara huku Nile Magharibi. Basi anayetia sahihi orodha ya mishahara na asome kila jina.

Sasa, mtu akiitwa afanyeje? Asikimbie, wala asiguse daftari kwa nia ya kulirekebisha, maana hilo huzaa kosa jingine. Akikamatwa, ana haki ya kuambiwa sababu katika lugha anayoielewa, kumwita wakili kwa gharama yake mwenyewe, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 48 kupita ikiwa hajaachiliwa. Asitie sahihi maandishi ambayo hakusomewa akayaelewa. Hata ungamo la aliye kizuizini halipokelewi mahakamani kama halikutolewa mbele ya hakimu, au mbele ya polisi mwenye cheo cha inspekta msaidizi au zaidi.

Kesi ikianza, mshtakiwa ana haki ya kupewa muda wa kujiandaa, na mkalimani bila malipo. Mkaguzi wa hesabu aulizwe maswali: alitazama vitabu vipi, hati zipi hakuziona, nani wengine walishika funguo? Ushahidi ukiwa hautoshi, wakili huweza kuiomba mahakama iamue kuwa hakuna kesi ya kujibu. Ikionekana ipo, mshtakiwa huchagua kutoa ushahidi kwa kiapo, au kusema bila kiapo, au kunyamaza.

Kwa mama yetu, jibu langu lilikuwa hili: ng'ombe wasubiri. Kulipa hakufuti shtaka, ingawa mahakama huweza kukufikiria wakati wa kupima adhabu. Tena malipo yasiyo na maandishi huweza kuonekana kuwa kukiri. Aonwe wakili kwanza. Usiku ule ule atafute nyumbani kila stakabadhi, barua ya kupokea kazi na nakala ya hati za malipo, azipange kwa tarehe, asitupe hata moja. Na kama mumewe alichukua kweli, amwambie wakili ukweli wote, kwa maana wakili hawezi kutetea asichokijua.

Nanyi ambao hamjaitwa, anzeni leo. Usipokee ghala, fedha wala funguo bila kuhesabu mbele ya shahidi na kutia sahihi nyote wawili. Nakala moja ikae ofisini, ya pili ikae sandukuni nyumbani, na mwenzi wako ajue ilipo.