Mlango Uliofungwa kwa Wote



Siku moja tulipita na watoto wetu chini ya Mnara wa BT, hapa London. Mtoto mmoja akauliza ni lini ataupanda. Mzazi akamjibu: "Huko si kwetu, mwanangu." Jibu hilo limetukaa moyoni, nasi twaona yafaa tulisahihishe.

Mnara huo, ulioitwa kwanza Mnara wa Posta, ulifunguliwa na Waziri Mkuu Harold Wilson tarehe 8 Oktoba 1965. Kimo chake ni mita 177, na mlingoti ukihesabiwa hufika mita 189. Haukujengwa kwa ajili ya anasa, bali kwa ajili ya simu na televisheni: antena zake zilipokezana mawimbi na minara ya mbali, juu ya mapaa ya mji. Ndiyo sababu ukafanywa mwembamba na wa mviringo, upepo usipate pa kuushika. Kwani mnara ukiyumba sana, mawimbi hukosa shabaha.

Mwezi Mei 1966 wananchi wakaruhusiwa kupanda. Katika ghorofa ya 34 palikuwa na mkahawa uliozunguka, duru moja kwa dakika 22 hivi. Wenzetu waliotoka Nairobi huenda wakakumbuka mkahawa wa namna hiyo juu ya jumba la KICC, lililokamilika mwaka 1973. Kilichozunguka si mnara, bali pete ya sakafu yenye meza. Kiini na madirisha vilitulia. Mlaji aliyeweka mkoba wake ukingoni mwa dirisha aliuacha nyuma pasipo kujua, akaungoja hadi duru itimie.

Tarehe 31 Oktoba 1971 bomu lililipuka humo, katika vyoo vya wanaume. Hakufa mtu, lakini amani iliondoka. Mkahawa ulifungwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata umma wote ukazuiwa kuingia. Antena kubwa nazo zikateremshwa mwaka 2011, baada ya nyaya kuchukua kazi yake. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mnara umeuzwa ili ugeuzwe hoteli.

Basi mtoto yule hakufungiwa kwa ajili ya rangi yake, wala jina lake, wala lugha ya mama yake. Mwingereza wa mtaa uo huo naye aliutazama kutoka chini, kama sisi.

Hatusemi kwamba hakuna milango tuliyofungiwa sisi peke yetu. Ipo, na twaijua. Hiyo tuigonge bila kuchoka. Lakini tusiwarithishe watoto wetu mlango ambao hawakufungiwa. Mtoto akiuliza, tumweleze sababu. Na hoteli hiyo itakapofunguliwa, tudunduize senti zetu, tumpandishe japo kwa kikombe cha chai, autazame mji wake kutoka juu.