Wissmann Hakuja Kutukomboa

Anayetaka Hermann von Wissmann aenziwe Dar es Salaam kama mkombozi wa watumwa amesoma nishani zake tu. Ofisa huyu wa askari wa miguu aliletwa 1889 kuinusuru kampuni ya Kijerumani iliyokwisha kutimuliwa sehemu kubwa ya pwani. Akakodi Wasudani kutoka Misri, akachoma vijiji, na Desemba Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, akanyongwa Pangani. Na utumwa? Wajerumani waliondoka bila kuufuta. Ulifutwa kisheria 1922, chini ya Waingereza. Sanamu yake ya 1909 iling'olewa hapa ikapelekwa Hamburg, nako wanafunzi wakaibwaga 1968. Wajerumani wenyewe, jamani! Sisi tumeshachagua wa kuwaenzi: Kinondoni tuna kambi ya jeshi ya Lugalo, iliyopewa jina la mahali Wahehe walipommaliza Zelewski, aliyerithi uongozi wa jeshi la Wissmann, Agosti 1891.