Bomba Lisilo na Mlango

Mkoa wa Lualaba, ambao tangu mwaka 2015 makao yake makuu yamekuwa hapa Kolwezi, unasifika duniani kwa shaba na kobalti, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini ni nadra kumsikia mtu akikumbusha kwamba madini hayo, kabla shaba haijawa bamba jekundu lenye kung'aa, husafiri sehemu kubwa ya safari yao ya kiwandani ndani ya mabomba, kwanza yakiwa tope, kisha yakiwa maji ya rangi ya samawati, na mwishowe yale yasiyotakiwa yakirudishwa bwawani. Wala hakuna akumbushaye kwamba katika safari hiyo bomba hujijengea ndani yake ukuta wa pili, ambao mpita njia hauoni na mhasibu hauandiki. Juu ya ukuta huo, na juu ya zana za chuma na mpira ziukwanguazo, ndipo nataka kusema leo, maadhali naamini kuwa tumeuacha ukue kwa sababu ya taksiri moja ambayo hutendeka siku bomba linapochorwa karatasini, nayo ni kutoliwekea mlango wa kusafishia.

Ukuta huo, katika viwanda vya namna ya hivi vyetu, aghalabu ni jasi. Mawe ya ukanda huu hayana malakiti peke yake. Yana pia dolomiti, na tindikali ya salfa inapomiminwa juu yake ili kuitoa shaba huitoa na kalisi vilevile, na kalisi ikikutana na salfa huzaa jasi papo hapo. Baadaye mafundi humwaga chokaa kwa makusudi, ili kuuondoa uchafu wa chuma na alumini katika maji hayo ya shaba, na jasi nyingine huzaliwa juu ya ile ya kwanza. Lita moja ya maji haiwezi kubeba jasi iliyoyeyuka zaidi ya gramu mbili na kitu. Inayozidi hutafuta pa kukaa, na pa karibu kuliko pote ni ukuta wa bomba, ulimi wa valvu na mapanga ya pampu, ambako fuwele huota juu ya fuwele mpaka njia ikawa nyembamba. Kiwanda cha Luilu kilipoanza kazi mwaka 1960, chini ya kampuni ya Union Minière, kanuni ilikuwa hiyo, na kwa viwanda vya wageni vilivyokuja baada yake ni hiyohiyo, kwani kemia haibadiliki kwa kubadilika mwenye mali.

Wapo wadhanio kwamba katika mji ambamo tindikali huletwa kwa malori usiku na mchana, dawa ya bomba lililoziba iko mkononi: imiminwe tindikali, uchafu uyeyuke. Rai hii ni sahihi kwa ule ukoko mweupe wa birika la chai, ambao hata ndimu huutoa, bali kwa jasi haifui dafu, maana jasi imezaliwa ndani ya tindikali hiyohiyo na haina cha kuiogopa. Basi, tupende tusipende, kazi hii ni ya zana.

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya hoja yangu. Chukua bomba ambalo uwazi wake wa ndani ni milimita 100, na jasi yenye unene wa milimita 10 imeshika pande zote. Uwazi uliobaki ni milimita 80, na mwenye kukisia kwa jicho atasema kwamba tumepungukiwa na moja ya tano. Sivyo. Kwa kanuni ambazo wahandisi wa maji wamezitumia miaka mingi, ukiacha pampu isukume kwa nguvu ileile, maji yatakayopita ni kidogo tu zaidi ya nusu ya yale ya awali. Na ukishikilia kwamba yapite maji yaleyale, basi nguvu ya kuushinda msuguano itapasa kuwa takriban mara tatu, na hapo bado sijahesabu kwamba jasi ina ukwaru kuliko chuma kipya. Nguvu hiyo ni umeme. Sehemu ya umeme wetu hutoka Nzilo na Nseke, ambako mto Lualaba huzungusha mitambo iliyojengwa katika miaka ya 1950, na sehemu husafiri kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, kwa njia ya waya iliyokamilika mwaka 1982 na kuishia hapa hapa Kolwezi. Makampuni ya migodi hulalamika, wala hayasemi uongo, kwamba umeme huo hautoshi, yakanunua mwingine kutoka Zambia au yakachoma dizeli. Lakini ni dhihaka ya namna gani kuuvusha umeme nchi nzima, kwa misitu na mbuga, ili uje kuteketea ukipigana na jasi ambayo ingeweza kutolewa kati ya asubuhi na jioni?

Zana zenyewe ni nyingi, na nyingine ni za zamani. Kwa bomba fupi kuna fito zinazoungwa moja kwa nyingine na kufungwa brashi ya waya kichwani. Kuna waya wa springi unaozungushwa kwa mkono au kwa mota, ambao mafundi wa mitaro na vyoo wanaufahamu vema. Kuna brashi nyembamba za kupitisha katika mirija ya mitambo ya kupoza na kupasha joto. Sitakawia hapo. Inayostahili kutazamwa kwa makini ni ile ambayo mafundi wa mabomba marefu huiita pigi, nayo haina injini wala mwendo wake yenyewe, ila ni kizibo kinachosafiri: mwili wa chuma au wa sponji ngumu, uliovishwa visahani vya mpira vinavyozidi kidogo upana wa njia, ukaongezewa brashi au visu, ukatiwa bombani na kusukumwa kutoka nyuma na maji yaleyale ambayo bomba huyabeba siku zote. Fundi mwenye hadhari haanzi na visu. Hutanguliza sponji laini, ambayo ikifika mahali pembamba hujibana na kupita, au ikishindwa humeguka bila kuziba. Akiisha kuipokea upande wa pili, huzisoma alama zilizochorwa mwilini mwake akajua bomba lina hali gani, kisha hutuma iliyo ngumu zaidi, na baada yake iliyo ngumu kuliko hiyo, akiubandua ukuta tabaka kwa tabaka. Mwenye pupa, aliyetuma visu siku ya kwanza, hujikuta ameikusanya jasi yote mbele ya pigi mpaka ikakwama katikati ya njia, na hapo hapana budi kulikata bomba. Ama pale ambapo jasi imekwisha kuwa jiwe, hutumika maji ya shinikizo kubwa yatokayo katika kichwa chenye matundu membamba, ambayo baadhi yake hutazama nyuma, na kwa kurusha maji nyuma kichwa hicho hujivuta chenyewe kwenda mbele.

Ujuzi huu haukuzaliwa jana. Mji wa Torquay, Uingereza, katika miaka ya 1860, uliona maji yake yakipungua kwa kutu iliyoota ndani ya bomba kuu la chuma, na William Froude, ambaye wanafunzi wa uhandisi wanamjua zaidi kwa elimu yake ya meli, akawa miongoni mwa waliotengeneza kikwangulio kilichosukumwa na maji yenyewe, na maji yakarejea. Karibu na kwetu, bomba la TAZAMA, lililofunguliwa mwaka 1968 kuunganisha Dar es Salaam na Ndola kwa kilomita 1,710, lilipoacha kubeba mafuta ghafi na kuanza kubeba dizeli mwaka 2023, lisingeweza kufanya hivyo pasipo kusafishwa kwanza. Na lile la kilomita 1,443 litokalo Hoima hadi Tanga, kwa kuwa mafuta yake yana nta nyingi na huganda yakipoa, limechorwa likiwa na mahali pa kutumia pigi na pa kuipokea. Wenye mafuta hawabahatishi. Sioni kwa nini wenye shaba wabahatishe.

Sasa nije kwenye mlango. Pigi haipenyi ukutani. Hutaka chumba chake, yaani kipande kipana kidogo kuliko bomba lenyewe, chenye valvu mbele, mfuniko nyuma, njia ya kuingizia maji, tundu la kutolea hewa na kipimo cha shinikizo, na mwishoni mwa safari hutaka chumba kingine cha kuipokea. Hutaka pia kona zisiwe kali, bali zipinde taratibu. Valvu ziwe zile zifungukazo wazi kabisa, si zile ambazo visahani vyake hubaki katikati ya njia hata zikifunguliwa. Na kwenye matawi makubwa ziwekwe nondo ili pigi isipotee. Mambo haya, siku ya kuchora, ni gharama ndogo ambayo mwenye mradi haihisi. Baada ya miaka kadhaa, bomba likiwa limefukiwa chini ya barabara ya malori, ni gharama ya kumkosesha usingizi. Bomba lisilo nayo likiziba, kinachobaki ni kulifungua kipande kipande kwenye flenji, kuvishusha vipande hivyo chini, na vibarua kuvigonga kwa nyundo na kuvichokonoa kwa vyuma, huku vipande vya akiba vikishikizwa mahali pake. Njia hii husafisha, nami sikatai. Lakini kiungo kinachofunguliwa na kufungwa mara nyingi mwisho wake huvuja, na kinachovuja hapa si maji ya kunywa.

Pengine nitajibiwa kwamba mabomba meusi ya plastiki, ambayo sasa yameenea kila mahali katika ukanda wa shaba, yamelimaliza tatizo. Ni kweli kwamba hayashiki kutu, na jasi hunata juu yake kwa udhaifu zaidi kuliko juu ya chuma, ila hunata. Tena plastiki ina sharti lake: kisu cha chuma huikwaruza, na fuwele hupenda kuota penye mkwaruzo, kwa hiyo hutaka sponji na mpira, na hutaka isafishwe mara kwa mara kabla ukuta haujakomaa, jambo ambalo bila mlango haliwezekani kabisa.

Mjini hoja yangu inazidi uzito. Kolwezi ilijengwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, si kwa umati wa leo, na mabomba ya chuma ya zamani, popote yalipozikwa, huota vinundu vya kutu ndani yake, ambavyo humnyima maji mama aliyepanga foleni na bidoni zake kama jasi iinyimavyo maji pampu ya kiwanda. Hapa kukwangua peke yake hakutoshi, maana chuma kilichoachwa uchi hushika kutu tena upesi na maji hutoka mekundu. Lazima kufuatiwe na kupaka saruji ndani, kazi ambayo nayo hufanywa na mtambo upitao ndani ya bomba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inayataka makampuni yatenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakazi wa jirani. Fedha hizo zinapenda majengo: darasa huzinduliwa, utepe ukakatwa, picha ikapigwa. Bomba lililokwanguliwa halina utepe, wala hakuna waziri atakayesafiri kutoka Kinshasa kuja kulitazama tundu lake. Ningewasihi wanaoketi katika kamati za fedha hizo waanze na mtaa mmoja, wapime maji kabla na baada, na wakitangaze kipimo hicho hadharani.

Kazi hii pia inafaa kuwa ya wenyeji. Sheria ya Februari 2017 imewawekea Wakongo kandarasi ndogo, na ni vigumu kupata kandarasi inayowafaa kuliko hii, kwani mtaji wake si mkubwa, visahani vya mpira vyaweza kumiminwa hapa hapa, na ujuzi wake unafundishika katika shule zetu za ufundi kwa vijana wenye subira. Ila lazima iwe sanaa yenye jina na ujira wake, si kibarua cha siku. Mfuniko wa chumba cha pigi ukifunguliwa kabla shinikizo halijashuka hadi sifuri huruka na kuua aliyesimama mbele yake, na maji ya shinikizo kubwa hupenya ngozi na nyama kabla mtu hajahisi maumivu. Mtu anayepewa kazi hiyo asubuhi na kufukuzwa jioni hana atakayemfundisha hayo.

Kuna na suala la ile jasi iliyotolewa. Imebeba shaba, kobalti, tindikali na, kwa kuwa baadhi ya mawe ya huku yana urani, pengine na hiyo pia, na kuimwaga mtaroni ni kuipeleka Luilu au Musonoi, mito ambayo watu hufulia na kumwagilia bustani. Ipelekwe bwawa la mabaki au irudishwe kiwandani ikatolewe shaba iliyomo, na ningependa mkaguzi asiiruhusu pigi ya kwanza itiwe bombani mpaka mkataba wa kazi umeonyesha, kwa maandishi, jasi hiyo itabebwa na lori gani na itashushwa wapi.