Nishati Safi ya Kupikia ni Kinga ya Mapafu ya Mtoto

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mara nyingi mkakati huu huelezwa kama hifadhi ya misitu. Kwa kaya za Soweto, Manispaa ya Moshi, na vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, ni pia suala la pumu kwa watoto.

Mapafu huanza kujengeka tumboni na huendelea kukua baada ya kuzaliwa. Moshi wa sigara au wa kuni anaouvuta mama mjamzito, kuzaliwa njiti, uzito pungufu na maambukizi makali ya njia ya hewa utotoni huongeza uwezekano wa pumu. Historia ya pumu au mzio katika familia haibadilishiki. Moshi unaweza kupunguzwa.

Juni na Julai, baridi inapozidi, madirisha hufungwa na mtoto huketi karibu na jiko. Gesi ina gharama, hivyo kaya nyingi bado huichanganya na mkaa. Wakati unafuu wa bei ukisubiriwa, kupikia mahali penye hewa na kumweka mtoto mbali na moshi hakuhitaji fedha.

Mtoto anayekohoa usiku au kutoa mlio kifuani mara kwa mara apelekwe kituo cha afya. Si kila kikohozi ni mafua.