Moto ya magurudumu matatu: mpira wa mbele unachaguliwa na nani?

Mu Kambove, sawa vile mu Likasi na mu vitongoji vya Lubumbashi, moto ya magurudumu matatu imechukua kazi ambayo zamani ilikuwa ya baiskeli, ya pusi-pusi na ya kamioneti ndogo. Ile yenye karoseri nyuma, wengi wanaiita trisikle, inabeba unga, makala, matofali, saruji, bidoni za maji na vyombo vya watu wanaohama. Ile yenye paa, Bajaj na ndugu zake, inabeba watu. Hata Kalemie, Uvira na Bukavu watu wanazijua. Zote mbili zina jambo moja: mbele kuna gurudumu moja tu.

Gurudumu hilo moja ndilo linaongoza moto yote. Mpira wa nyuma ukipasuka, moto inainama upande, dereva anashika usukani, anapunguza mwendo na mara nyingi anafika pembeni mzima. Wa mbele ukipasuka hakuna mwingine wa kusaidia. Usukani unakwenda fasi unapotaka wenyewe, na kwenye barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi, kilometa karibu 120 za lami zenye malori ya madini, kuyumba meta mbili tu upande wa kushoto kunatosha kumaliza watu.

Pamoja na hayo, mpira wa mbele ndio wengi wanaubadilisha mwisho. Sababu inaonekana kwa macho: unachelewa kuisha. Uzito wote uko nyuma, injini inasukuma magurudumu ya nyuma, basi ya nyuma inalika haraka. Wa mbele unabaki na meno yake miezi mingi, na mwenye moto anasema bado ni mzuri. Lakini mpira hauzeeki kwa meno peke yake. Jua la kiangazi linaukausha, unapasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni, na mpira wenye meno mazuri na ubavu uliopasuka ni hatari kuliko ule ambao kila mtu anaona umekwisha, juu hakuna anayeuogopa.

Umri wa mpira hausomwi kwa rangi. Ubavuni, karibu na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2319, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Kuna mipira inauzwa kama mipya, ingali na vinyweleo vyake vya kiwandani, kumbe imelala mu depo miaka sita. Mnunuzi ana haki ya kugeuza mpira na kutafuta zile tarakimu mbele ya kutoa makuta. Kama zimekwanguliwa, hiyo peke yake ni jibu.

Sasa saizi. Hapa ndipo makosa yanaingia mengi. Bajaj za abiria kwa kawaida zinavaa 4.00-8 mbele na nyuma. Trisikle nyingi za Kichina za mizigo zinavaa mipira ya rimu ya inchi 12, kama 4.50-12 ao 5.00-12, lakini kuna zingine zenye gurudumu kubwa la mbele kama la pikipiki ya kawaida. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipimo cha rimu. Kwa mipira ya namna hii urefu wa ubavu unakaribia upana wake, kwa hiyo 4.50-12 inasimama karibu inchi 21, na 5.00-12 karibu inchi 22. Inchi moja inaonekana kidogo. Lakini ukiuvalisha mbele mpira wa 5.00 mahali pa 4.50, pua ya moto inapanda, mpira unakaribia bango la matope, na moto ikiruka shimo na mzigo unaweza kulisugua. Mwenye duka atasema inaingia. Inaingia kweli, ila kuingia ku rimu si kufaa.

Kitu kingine ambacho watu wanakipita ni umbo. Pikipiki ya magurudumu mawili inalala ikikata kona, ndiyo maana mpira wake una mgongo wa mviringo. Trisikle hailali. Inakata kona ikiwa imesimama wima, na nguvu yote inasukuma mpira kwa ubavu. Ukiweka mpira wa pikipiki, ule wa mgongo wa duara, unagusa barabara kwa mstari mwembamba tu wa katikati. Usukani unakuwa mwepesi, dereva anafurahi siku mbili, kisha siku ya mvua anagundua moto inakwenda mbele hata yeye amekata kona. Mpira wa mbele wa trisikle unafaa uwe na mgongo wa bapa na ubavu mgumu. Wanaouza wanajua tofauti, lakini ule wa pikipiki uko mwingi sokoni, na kinachopatikana ndicho kinachouzwa.

Ugumu wa ubavu nao umeandikwa. Herufi PR na tarakimu mbele yake, kama 6PR ao 8PR, zinaonyesha nguvu ya mpira kubeba. Kwa mizigo ya huku, 8PR inastahimili kuliko 4PR. Kuna pia tarakimu ya uzito na herufi ya mwendo, mfano 67J: 67 maana yake mpira unabeba hadi kilo 307, na J ni kilometa 100 kwa saa. Hakuna trisikle inayohitaji kukimbia zaidi ya hapo, kwa hiyo herufi si ya kuhangaikia. Tarakimu ya uzito ndiyo ya kuangalia.

Meno ya mpira yanategemea njia. Kwenye lami ya Likasi, mpira wenye mistari mirefu inayozunguka mpira wote unashika mwelekeo vizuri na hautelezi kwa ubavu. Kwenye udongo mwekundu unaokwenda mashambani na kwenye machimbo, kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua inaposhika hadi mwezi wa tatu, mistari inajaa matope na mpira unakuwa laini kama sabuni. Pale panahitaji meno ya vipande. Dereva anayefanya njia zote mbili, na mu Kambove ni wengi, afadhali achukue ule wa katikati: mstari katikati, vipande pembeni. Hautakuwa bora mahali popote, lakini hautamwangusha.

Na kuna jambo la njia zetu ambalo halimo mu kitabu cha kiwanda. Malori na magari yanachimba mifereji miwili, na kati ya mifereji kunabaki mgongo wa barabara. Mawe yaliyorushwa, misumari na vipande vya chuma, vyote vinakusanyika pale. Gari halipiti pale, pikipiki inachagua mfereji mmoja. Trisikle magurudumu yake ya nyuma yakiwa mu mifereji, la mbele linapanda mgongo huo kilometa zote. Ndiyo maana madereva wanaziba wa mbele mara kwa mara hata kama haujaisha. Anayechagua mpira mwembamba wa mbele ili apunguze bei atarudisha hiyo tofauti kwa kwado, kiraka kwa kiraka.

Lakini swali lenyewe la Kambove si saizi wala meno. Ni nani anachagua. Trisikle nyingi si za madereva. Zina mwenyewe, na dereva anapeleka versema kila jioni. Mwenye moto ndiye ananunua mpira, ao anamwambia dereva anunue na kukata ku versema. Kukiwa hakuna makubaliano yaliyo wazi, kila mmoja anangoja mwenzake. Mwenye moto anaona mpira ungali una meno. Dereva anaona ubavu umepasuka, lakini akisimamisha moto siku moja versema inaendelea kuhesabiwa. Basi anatembea. Anayelipa mpira halali chini yake barabarani, na anayelala chini yake hana makuta ya kuulipa.

Makuta nayo yamekuwa magumu kwa sababu zinazojulikana. Kambove ulizaliwa na shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 na ikaendelea hadi huku, kisha Gécamines ikarithi. Hadi leo anayeuza unga na anayebeba unga wote wanakula kwa mzunguko wa madini. Serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti nje tarehe 22 Februari 2025, ikaongeza muda katikati ya mwaka, na kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka kiwango kilichopangwa cha kusafirisha. Kinshasa ilitaka bei ya dunia ipande, na hoja hiyo ina uzito wake. Ila mu miji ya madini kila pengo ku kobalti linapita hadi kwa mbeba mizigo, na kitu cha kwanza anachokiahirisha ni kile ambacho hakijalia.

Tena mipira yote inatoka mbali. Mingi inapita bandari za nchi jirani, inavuka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilipofunga mipaka yake na sisi siku chache juu ya ugomvi wa vinywaji, watu waliona namna foleni ya malori inavyogeuka haraka kuwa bei sokoni. Mwisho wa mwaka 2025 franka ilipata nguvu mbele ya dola, na wengi walitegemea bidhaa zishuke. Muuzaji aliyenunua kwa dola ya zamani hakuwa na haraka ya kushusha. Ndipo mpira wa okazio unapata soko.

Mpira wa okazio haustahili kuhukumiwa wote pamoja. Kwa nyuma, ukikaguliwa ndani na nje, unaweza kufanya kazi. Kwa mbele ni mchezo mbaya, hata kihesabu. Tuseme, kwa mfano tu na si bei ya soko, mpya ni franka 90,000 na unakaa miezi kumi na minane: ni franka 5,000 kwa mwezi. Wa okazio ni 40,000 na unakaa miezi sita: ni zaidi ya 6,600 kwa mwezi, bila kuhesabu viraka na siku za kusimama. Bei ndogo ya siku ya kwanza ndiyo inadanganya. Asiye na 90,000 mkononi leo, hesabu hii haimsaidii peke yake. Itamsaidia kama yeye na mwenye moto wanaweka kando kidogo kila juma kuanzia siku mpira mpya unapofungwa, na si siku wa zamani unapopasuka.

Mpira ukishanunuliwa, kazi ya kuufunga nayo inataka macho. Mpira wa ndani uwe mpya pamoja na wa nje, maana ule wa zamani umekwisha kujivuta na utajikunja. Kutu ya rimu ikwanguliwe. Ubavuni kukiwa na mshale, unaonyesha upande wa kuzunguka. Rimu nyingi ndogo za inchi 8 ni vipande viwili vilivyoshikwa na bulo: pumzi itolewe yote kabisa mbele ya kulegeza bulo hata moja, juu rimu yenye pumzi inaweza kuruka na kumpiga usoni anayefungua. Wasaidizi wa makwado ni vijana wadogo, na jambo hili halipaswi kuachwa kwao.

Mpira wa zamani nao usitupwe bila kusomwa. Ukiwa umeisha katikati, ulikuwa na pumzi nyingi. Ukiwa umeisha pande zote mbili, pumzi ilikuwa kidogo. Ukiwa umeisha upande mmoja, foko imepinda ao rulma zimekufa, na mpira mpya utaisha vilevile mu muda mfupi. Kufunga mpira mpya ku rulma iliyokufa ni kutupa makuta.

Upakiaji pia unahusu gurudumu la mbele, hata kama mzigo uko nyuma. Mifuko ikirundikwa nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka na mpira wa mbele unagusa chini kidogo tu. Dereva anajua: usukani unakuwa mwepesi mno mu mlima. Hakuna mpira unaotibu hilo. Mifuko mizito isogezwe mbele, karibu na mgongo wa dereva.

Polisi ya barabara inasimamisha trisikle kila siku, na maswali yake mara nyingi ni juu ya karatasi. OCC ndiyo yenye kazi ya kuangalia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Kati ya hizo mbili, mpira wa mbele uliopasuka ubavu unapita bila kuulizwa. Mashirika ya madereva yanaweza kuanza bila kungoja mtu: mu makubaliano ya versema iandikwe kwamba mpira wa mbele ni wa mwenye moto kuulipa, kwamba siku ya kuubadilisha haina versema, na kwamba dereva ndiye anakwenda sokoni kuuchagua, na ile tarakimu ya DOT iandikwe ku karatasi pamoja na tarehe ya kuufunga.